Masega ya Gari la Mwalimu wa Udereva

Mshauri wa asubuhi wa redioni, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu za mtu aliyechoka. Naomba uniokoe na jambo ambalo kila siku nasema nitalifanya kesho. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema, utanivumilia.

Huu ni mwaka wa pili niko mbali na mke wangu na watoto. Nafanya kazi kwenye gereji ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye aliyenipokea nilipofika na begi moja, nalala kwenye stoo yake katikati ya mabomba ya moshi ya zamani na chakula nakula mezani kwake, kwa hiyo ukiniambia nimuudhi ujue unatakiwa uniambie na pa kulala.

Sisi kazi yetu ni mabomba ya moshi. Huko chini ya gari, katikati ya bomba, kuna kopo la bati lililotuna, na ndani yake kuna kitu chenye vitundu vidogo vidogo mfano wa sega la nyuki, sisi tunakiita masega. Shemeji aliniambia ni mbwembwe za waliotengeneza gari, kwamba kazi yake ni kuziba tu, ukiyatoa gari linapumua na mafuta linakunywa kidogo. Wateja wengine huambiwa hivyo wakakubali wenyewe. Wengine hawaambiwi kitu. Gari likiletwa kwa shida nyingine, mwenyewe akienda kunywa chai, tunafungua bomba, tunakata kopo, tunachokonoa masega kwa patasi, tunachomelea kopo tupu na kulirudisha mahali pake, na yale masega anakuja kuyanunua, kwa bei nisiyoambiwa, bwana mmoja mwenye begi la mgongoni asiyemsalimia mtu.

Sasa sikia tunavyokata. Shemeji alinifundisha nikate upande wa juu, ule unaotazama sakafu ya gari, ili mwenye gari hata akiinama au akishuka kwenye shimo la kukagulia aone bati safi lisilo na kovu. "Umeshaona mtu anakagua kisogo chake?" huwa ananiambia. Lakini bati la kopo la zamani ni jembamba, limeliwa na kutu, ukilichomelea linatoboka, ukiziba tundu hili linafunguka lile, mwisho unapaka gundi ya kuzuia moto na kunyamaza. Na lile bati la kukinga joto, linalokaa kati ya bomba na sakafu, skrubu zake zikikatika tunalitupa.

Miezi mitatu iliyopita mwalimu mmoja wa udereva, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, alileta gari lake dogo la kufundishia kwa sababu bomba lilikuwa linagonga. Ilikuwa nati moja tu imelegea. Shemeji akanikonyeza. Nikakata, nikachokonoa, nikachomelea, kwa mikono yangu mimi. Baadaye taa ya injini ilipowaka kwenye dashibodi, shemeji akaifunika kwa nyuma na kipande cha utepe mweusi.

Wiki tatu zilizopita mwalimu akarudi, kioo cha upande wake hakishuki.

"Fundi, fanya upesi," akasema, "kichwa kinanigonga kama kuna mtu anahamia humo na makabati yake."

"Pole mwalimu. Umepima?"

"Nimepima kila kitu. Nikitoka asubuhi niko mzima, ikifika saa sita natapika. Mama mkwe amehamia kwangu kunihesabia. Jana nimetoka chooni ananiuliza, 'Mwanangu, hii ya leo ni ya ngapi?' Na mume wangu ana miezi saba yuko safarini, unanielewa fundi? Nimepima na hilo, hakuna. Mama mkwe anasema kipimo kinaweza kuhongwa."

Nilicheka, naye akacheka. Halafu sijui nani alinituma, nikamuuliza, "Na Jumapili?"

"Jumapili sifundishi. Naamka nafua nguo za nyumba nzima, naimba mpaka majirani wanalalamika."

Alipokaa kivulini nikainua mkeka wa upande wa kushoto kwa dereva, pale anapokaa yeye. Ulikuwa na joto. Chini yake kuna tundu la sakafu ambalo huzibwa na kizibo cha mpira, na kizibo kilikuwa kimeyeyuka, pembeni mwa tundu masizi matupu. Lile tundu liko juu kabisa ya mahali nilipochomelea mimi. Mwanafunzi hukaa saa moja akashuka, yeye hukaa kutwa, tena kwa mwendo wa konokono, gari likiunguruma bila kwenda.

Nikarudisha mkeka. Nikatengeneza kioo. Nikamwambia kwaheri mwalimu.

Alipoondoka nikamfuata shemeji nikamweleza. Hakuacha hata kufuta mikono.

"Gari la zamani lile, lazima linuke. Hata wewe ukizeeka utanuka."

"Shemeji, mtu anatapika."

"Huyo ana mimba."

"Mume wake ana miezi saba hayupo."

"Ndiyo maana kichwa kinamuuma." Akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka, akanitazama. "Wewe mambo ya nyumbani kwake umeyajulia wapi?"

Tangu siku ile hakuna amani. Kufuli ya stoo imebadilishwa na funguo anakaa nazo yeye. Nikishika simu anapita nyuma yangu kutafuta bisibisi ambayo anayo mfukoni. Mwalimu alipopita wiki jana kujaza upepo, nilitumwa haraka kununua sabuni, na sabuni tulikuwa nayo. Juzi mke wangu kanipigia, sauti yake baridi, akaniuliza huyo mwalimu ananifundisha nini. Nikajua shemeji amenitangulia. Nikimwambia mke wangu kuhusu masega atasema namsingizia kaka yake ili nifiche yangu. Na mimi nimeanza kujiuliza kama mke wangu hakujua tangu mwanzo kazi ya kaka yake ni ipi, kwa sababu ndiye aliyenisisitiza nije, akasema kaka anahitaji mtu asiyeuliza maswali.

Nyumba ya mwalimu naijua, ni ile yenye geti la kijani nyuma ya kiwanda cha magodoro. Mara mbili nimefika mpaka getini. Mara ya kwanza nilimwona mama mkwe amekaa kibarazani anachambua mchele, akaniinulia macho toka viatu mpaka kofia, na nikamwona kabisa anajiambia kumbe ni huyu. Nikajifanya naulizia nyumba nyingine. Mara ya pili sikusimama hata kidogo.

Labda pia nimekosea. Mimi si daktari, inawezekana ni maradhi mengine au ni mimba kweli na kipimo kimekosea, halafu niwe nimevunja nyumba mbili na kukosa kazi kwa ajili ya tundu la sakafu. Nisaidie mshauri. Nimwambie, au ningoje nione kama atapona? Jina langu usilitaje.

Ni mimi mchomeleaji, mbali na kwetu.

*

JIBU LA MSHAURI, REDIONI

Mchomeleaji, jina lako sitalitaja kwa kuwa hukuliandika, na namba ya simu pia hukuweka. Umejificha hata kwa mtu unayemwomba msaada. Pole kwa uchovu, pole kwa kulala stoo, pole kwa kuwa mbali na watoto. Pole zangu zimeishia hapo, sasa nisikilize.

Unaniuliza ungoje uone kama atapona. Atapona vipi, na kila asubuhi anarudi kukaa juu ya tundu lile lile? Kuhusu barua yako, nimempigia simu mwalimu wa ufundi wa magari nikamsomea kipande cha mkeka. Akaniuliza kama huyo mwanamke bado yuko hai. Masega si mbwembwe. Moshi wa petroli una sumu, na masega ndiyo yanayoipunguza kabla haijatoka. Ukiyatoa, sumu inapita ilivyo. Kwenye bomba zima angalau ingetokea nyuma ikawachoma macho watembea kwa miguu, na hilo nalo ni dhambi. Wewe umeifungulia mlango chini ya kiti cha mtu. Na usijidanganye kwa harufu. Harufu ni ya moshi mwingine. Sumu inayoua haina harufu wala rangi, inamlaza mtu usingizi akiwa ameshika usukani. Anayepona kichwa kila Jumapili hana mimba ya siku sita kwa wiki.

Umemshuku shemeji, yule bwana wa begi, mkeo, mama mkwe wa watu, mpaka kipimo cha hospitali. Sikatai, baadhi yao wanastahili. Lakini kopo unataka kulisamehe, na ndilo kitu pekee ulichokijua kwa hakika. Uliinua mkeka ukaona, ukaurudisha. Shemeji hakuwepo pale. Ulikuwa peke yako.

Unaogopa mama mkwe atakudhania. Basi mfanye awe shahidi. Usimwite mwalimu pembeni, usinong'one, usitume ujumbe wa simu ambao mtu atausoma vibaya. Ingia kwenye geti lile la kijani mchana kweupe, msalimie mama kwa heshima zake zote, mwambie, "Mama, mimi ni fundi, nimeliharibu gari la mkweo na linamdhuru, naomba mje wote wawili niwaonyeshe." Inua mkeka mbele yake. Aweke mkono wake mwenyewe kwenye masizi. Huyo mama anayehesabu kila kitu, siku hiyo atakuwa na kitu cha maana cha kuhesabu, na utakuwa umemrudishia mwalimu heshima yake nyumbani kwake, maana hiyo nayo mliiondoa pamoja na masega.

Gari lisiwashwe tena, hata kwa kushusha vioo, hata kwa safari ya kwenda tu hospitali. Aende kwa usafiri mwingine, siku hiyo hiyo, na amwambie daktari neno kwa neno: nimevuta moshi wa gari kwa miezi mitatu. Hilo hajawahi kulisema kwa sababu halijui, ndiyo maana vipimo vyote vinatoka safi. Bomba likatengenezwe na fundi mwingine, liwekewe masega, sakafu izibwe.

Kisha nenda polisi, na uende kwa miguu yako kabla hujafuatwa. Kumtolea mtu masega bila kumwambia ni wizi, hata ungeyachomelea kwa ustadi gani. Utaje na magari mengine mliyokata kwa juu, unayoyakumbuka na usiyoyakumbuka vizuri, kwa sababu mwalimu mmoja amekuja kukulalamikia kichwa, wengine hawakuja. Hapo ndipo umpigie mkeo, baada ya kufanya na siyo kabla, ili usimwombe ruhusa ya jambo lisilohitaji ruhusa. Kama alijua, utajua. Kama hakujua, atakuwa na la kuzungumza na kaka yake.

Kazi utaipoteza. Na pa kulala pia. Sikufichi. Mkono unaojua kuchomelea haukosi mlango wa kugonga, lakini ugonge ukiwa umenawa.

Sasa hivi ni saa nne kasorobo asubuhi, na barua yako ina tarehe ya Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Siku tatu mwalimu yuko barabarani, na mimi simjui mchomeleaji kiasi cha kuamini kwamba ameshakwenda. Kwa hiyo mengine sisemi na wewe. Shemeji wako akinisikia, na anisikie.

Mwalimu wa udereva, mwanamke, uliyepeleka gari kwa ajili ya bomba linalogonga miezi mitatu iliyopita, ambaye mumeo yuko safarini na mama mkwe anakuhesabia: si mimba, wala huna mkosi. Ni gari ulilokalia. Kama unanisikia kwenye redio ya gari, najua saa hizi una mwanafunzi. Mwambie awashe indiketa, asogee pembeni taratibu kama ulivyomfundisha, azime injini. Fungueni milango. Shukeni wote wawili.