Binti Yangu Amelikataa Jina la Kwenye Boksi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza pokea salamu zetu, mimi mzima, baba watoto mzima isipokuwa mgongo unamsumbua akiinama, mama mkwe mzima na anakula vizuri, mapacha wangu wazima na kelele zao, na binti yangu mkubwa naye mzima wa mwili, na huyo ndiye anayeninyima usingizi hata nimeshika kalamu, na unisamehe mwandiko, shule niliiacha darasa la nne.

Nina saluni ndogo, chumba kimoja, viti viwili na draya moja, kazi yangu kubwa ni kuweka dawa, watu wanaingia na nywele za kipilipili wanatoka zimelala, na binti yangu huyu nimemtia dawa kwa mikono yangu tangu yuko shule. Juzijuzi tukiwa tunapanga vitu stoo akaniuliza, mama, jina langu ulilitoa wapi, nami nikamwambia huku nacheka kwamba nilikuwa na mimba yake nikaliona kwenye boksi la dawa ya nywele, chini ya picha ya mwanamke mweupe mwenye nywele hadi kiunoni, nikalipenda. Mshauri, hakucheka. Akasema, "Kwa hiyo mama, mimi nimeitwa boksi?" Kesho yake akazikata nywele zote zenye dawa, na tukiwa mezani akatutangazia kwamba kuanzia sasa tumwite Mweusi.

Mama mkwe alidhani mtoto ana homa. Baba yake akasema, "Mwacheni, litamtoka," lakini halijamtoka, rafiki zake wanamwita hivyo, na wewe usipomwita hivyo haitiki, utaita mpaka chai ipoe. Na jina hilo linanichoma kwa sababu alipokuwa mdogo watoto wa jirani walimwita Masizi, alikuwa akirudi analia, nami nampangusa machozi namwambia usiwasikilize mama, wewe si mweusi, wewe ni maji ya kunde. Leo neno lile lile nililokuwa namkinga lisimguse amelivaa kama gauni jipya. Nilimuuliza kwa nini, akanijibu taratibu, "Mama, la Masizi nilipewa, la boksi nilipewa. Hili nimejipa."

Sasa shida yenyewe. Wifi yangu anafanya kazi ofisi kubwa, amemtafutia nafasi ya mapokezi, Jumatatu anaitwa aonane na bosi. Wifi akaja saluni, wateja wamejaa, akasema, "Wifi, mwanao anakwenda kupokea wageni au kupalilia? Akija na kichwa kile, na akajitambulisha kwa jina lile, mimi simjui." Niliumia, lakini kazi unajua zilivyo adimu, na mtoto amekaa nyumbani tangu amalize chuo, na miguu yangu imeanza kuvimba kwa kusimama.

Na Jumamosi ameniomba nimuoshe nywele, anasema mikono yangu ndiyo anayoiamini, akilaza kichwa kwenye sinki hufumba macho na mara nyingine husinzia kabisa. Mshauri, kuna dawa laini ya watoto, haichomi sana, nikimpaka kana kwamba ni krimu ya kawaida atashtuka nywele zimeshalala, atanuna wiki, kazi atakuwa ameipata. Nimeshaitoa stoo nikaiweka karibu na sinki, kisha nairudisha, kisha naitoa tena. Je, nitakuwa nimemsaidia au nimemuumiza? Usikawie kunijibu, nakuomba, jibu linifikie kabla ya Jumamosi, maana akishakaa kwenye kiti kile sijui mikono yangu itafanya nini.

Ni mimi,
Mama mwenye saluni

MSHAURI ANAJIBU

Mama mwenye saluni, irudishe stoo, ufunge mlango, kisha ndiyo uendelee kusoma.

Hofu yako naielewa. Umesimama kwa miguu hiyo miaka yote ili mtoto akalie kiti cha ofisi, na sasa unaona kiti kinavutwa. Lakini binti anafumba macho mikononi mwako kwa kukuamini, nawe unapiga hesabu kwamba atanuna wiki moja! Mama, atahama. Na hata akirudi kukusalimu, kichwa hatakupa tena.

Halafu hayo maji ya kunde. Mtoto analia kwa sababu ameambiwa weusi ni uchafu, nawe unambembeleza kwamba yeye si mweusi. Najua ulitaka tu anyamaze. Ila alichosikia ni kwamba hata mama anaona ni uchafu, yeye kanusurika chupuchupu. Sasa amekua, ameona hakuna cha kunusurika. Mweusi ni yeye, ni wewe, ni baba yake, ni huyo wifi mwenye maneno. Walimwita Masizi kumtukana. Hili amelichagua akiwa na akili zake, basi mwite.

Jumamosi, kabla hujafungua bomba, mwambie yote, maneno ya wifi na hata hilo ulilotaka kufanya. Atakasirika. Akasirike akiwa macho. Kisha muulize Jumatatu anataka aende vipi, umtengeneze hivyo kwa ufundi wako wote. Nywele fupi zilizooshwa, zikapakwa mafuta na kuchongwa pembeni, zinafaa mapokezi yoyote. Vyeti vyake vina jina la zamani, basi kwenye karatasi aandike hilo asije akaonekana mwongo, na akisalimia ajitambulishe apendavyo. Bosi akimkataa kwa ajili ya nywele, hilo liwe lake bosi. Wewe usimtangulie kumkataa.

Na saluni usifunge. Mtu mzima akija mwenyewe kutaka dawa, mtie.

Wifi akipita tena, usimwachie binti ajibu. Jibu wewe, wateja wakisikia: "Wifi, asante kwa kututafutia nafasi. Mwanangu anaitwa Mweusi." Kisha endelea na mteja wako.