Jina ya Aliyerudi mu Moshi

Lushebere, mwezi wa tano 1962

Kwa Béata, ninayekuita dada hata kama hatukuzaliwa pamoja, kule Walikale,

Nakusalimia sana, weye na bwana yako na watoto. Muko aje? Mihogo imekubali? Huku tuko wazima, na miye nazidi kunona. Mke wangu Constance anasema kama ningekuwa mbuzi angeniuzisha bei kali. Cheka kwanza, dada, maana mbele hakuna kucheka.

Papa Kasika, ule askari aliyerudi kipofu toka vita ya Wazungu kule Birmanie, ile Burma, ametoa kitabu ya maisha yake. Aliuzisha ng'ombe ili imprimerie ya Bukavu ikichape. Yeye alisema, miye nikaandika. Huku nani mwingine anashika kalamu kama miye, muntu aliyefika mpaka Stanleyville, hata kama shule ilinifukuza mapema?

Juma iliyopita, kisha misa, watu walikusanyika mbele ya duka ya Mama Kavugho. Yeye njo alisoma, maana Papa Kasika alitaka kusikia kitabu yake mu kinywa ya mwingine. Akafika pale bombe ilipasukia karibu ya hema ya wagonjwa, macho ya Papa ikakufa, na rafiki akamushika mukono, akamutosha inje ya moshi, akarudi kutafuta wengine. Mama Kavugho akasoma jina ya ule rafiki: Polycarpe.

Papa Kasika akamukatiza: “Mama, unasoma mubaya. Pale iko Callixte.”

Watu wakamuchekelea, eti anajua kusoma sabuni tu. Yeye akaniangalia. Akasema, “Pardon, Papa, macho iliteleza,” akaendelea na Callixte. Na miye, mwenye maneno mingi, nikaacha mama wa watu achekwe.

Béata, Callixte ule njo papa yako. Mama yako aliletewa tu habari kama amekufa. Hawakumwambia kama alikuwa ametoka, akarudi mu moshi kwa ajili ya wengine. Papa Kasika alinitajia jina yake, nikaandika yangu. Wakati ile ya vita nilikuwa Kibabi, nalima maharagi. Nilitaka watoto wangu wasome kama papa yao naye alifanya kitu.

Kesho yake nilimwendea muzee, nikasema yote. Nilingoja anipige fimbo, ingenisaidia. Akasema: “Jina haikuwa yangu. Siwezi kukusamehea ya mwenyewe. Andikia Béata.”

Vitabu vyote vimefungiwa kwa Mama Kavugho. Papa amekataa hata kimoja kitoke mbele ya jibu yako, na kifua yake iko mubaya sana siku hizi. Ukisema vichapwe upya, nitauzisha shamba. Ukisema nifute jina yangu mu kila kimoja, nitafuta. Ao kuja weye mwenyewe: nasikia masista walikufundisha kuandika. Nitafuta, weye utaandika ya papa yako.

Unisalimie mama yako, kama bado unaweza kumutajia jina yangu.

Ni miye Polycarpe, ambaye hakuenda vita.