Bwawa Limeshika Maji

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na Baba kifua kimemwachia? Sisi huku Lugoba wazima, alhamdulillahi. Mimi ni zaidi ya mzima, ndiyo maana nimeshika kalamu: kwenye simu salio hukatika kabla sijafika kwenye utamu. Barua anakuletea shemeji yangu, anakuja Kilwa kununua samaki wa ng'onda.

Mama, bwawa limeshika maji!

Lile shimo nililochimba nyuma ya nyumba nifuge perege, hadi wanawake wa hapa wakaniita Mama Bahari. Nikilijaza alasiri, alfajiri nakuta tope tupu. Mume wangu akasema, "Ardhi hii ina kiu kuliko wewe, mke wangu. Mara hii likikataa nalifukia, tupande mihogo." Na vifaranga vya samaki nilishavileta, vimebanana kwenye pipa jikoni, kila asubuhi naopoa vilivyokufa. Nililia, sikufichi. Siku ile uliponiambia kwamba chumba changu bado unakifagia na godoro unalianika, nilikimbilia kuaga, maana nilishaanza kufikiria kukirudia.

Basi nikachota udongo wa kichuguu, nikauchanganya na samadi, nikakandika shimo lote kama ulivyonifundisha kukandika ukuta. Nikaulainisha kwa kiganja, nikauacha ukauke vizuri juani. Ulipendeza, Mama! Siku chache tu, nyufa za kuingia kidole.

Hapo ndipo alipotokea mama mkwe. Unajua yule bibi na mimi tangu harusi ni shikamoo, marahaba, basi. Akainama, akabandua kipande cha udongo, akacheka mpaka akajishika kiuno.

"We mwali, kwani hapa unajenga nyumba? Udongo wa kuzuia maji hauachwi ukauke. Unakanyagwa mbichi, na maji yanaingia siku hiyo hiyo. Tena miguu yako miwili hiyo haitoshi, kidole kimoja hakivunji chawa." Akafikiri kidogo. "Ijumaa tunamtoa ndani mwali wa dada yangu. Wanawake wote watacheza ngoma. Waje wacheze humu."

Nilidhani ananitania. Wallahi, Ijumaa baada ya swala walikuja! Udongo tumeshaulowesha na kuutandaza upya, wakafunga kanga juu ya magoti, wakaingia shimoni na ngoma ikalia. Mama mkwe mbele, magoti yanapanda kama ya msichana. Nyimbo siziandiki, maana barua hii Baba ataisoma. Mwali mwenyewe tulimkalisha mkekani na shanga zake, akaambiwa ainamishe uso, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. Mume wangu akachungulia uani, akarushiwa tope akakimbia. Nami nilikanyaga mpaka nyayo zikawaka moto. Ngoma ilipokwisha, kila mmoja akashika ndoo, tukachota maji kwenye lambo la kijiji mpaka shimo likajaa.

Nikachomeka kijiti, nikafunga kitambaa cha kanga nyekundu pale maji yalipoishia.

Asubuhi niliogopa kwenda kutazama. Nikazunguka jikoni, nikaosha sufuria safi. Nilipojikaza kutoka, nikamkuta mama mkwe keshachuchumaa ukingoni. Maji yamegusa kile kitambaa, palepale. Hakugeuka kunitazama.

"Mwanangu," akasema, "lete samaki."

Mwanangu, Mama! Miaka yote hii sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Pipa tulilibeba sote wawili, na vifaranga vilipomwagika vikatawanyika kila upande, nikapiga vigelegele peke yangu kama kichaa.

Nisalimie mjomba mshona nyavu, mwambie namzidi, samaki wangu hawahitaji nyavu. Nisalimie shangazi wa kwa mwarobaini na mkunga aliyenipokea nilipozaliwa, na mdogo wangu Zuhura kwa upekee.

Na kile chumba, Mama, usikifagie tena kwa ajili yangu. Mpe Zuhura, na godoro langu alilalie. Nikija nitakuja mgeni, nitalala mkekani pamoja na wewe.

Mwanao akupendaye,
Mwanahawa