Kitu Kinachobadilika Hakiguswi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi na kwa ugeni. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa mwili. Moyo najua haujapona, kwa hiyo sikuulizi habari zake. Huku afya ipo. Miguu yangu inavimba jioni kama kawaida ya mwalimu wa vidudu vya chekechea, jina ulilonipa mwenyewe siku ya kwanza niliposhika chaki, na binti yako anakula, ingawa anatafuna upande mmoja. Hilo la upande mmoja nitalifikia.

Utashangaa kupata barua wakati kila Jumapili tunaongea kwenye simu. Kwenye simu siwezi. Nimejaribu Jumapili tatu, nikifika penyewe nakuambia mtandao unasumbua, halafu nakata. Mtandao hausumbui hata kidogo. Uliniuliza mambo mawili: kwa nini Chiriku hataki kuzungumza nawe, na kama nimeshaipeleka zahanati ile barua yako ya kumshtaki muuguzi kwamba Jumatano ile hakutokea. Nayajibu yote mawili hapa. Nakuomba usome ukiwa umekaa, tena peke yako, si mbele ya hao mafundi wenzako wanaopenda kuchungulia barua za watu.

Nianze nyuma kidogo. Ulipoondoka, wifi yangu alikuwa bado anatembea mpaka uani. Mwezi wa pili moyo ukaanza kumchosha, akawa mtu wa kitandani, ameegemea mito mitatu ili apate pumzi. Chiriku akagoma kwenda shule, akasema mama akibaki peke yake hatakuwa na mtu wa kumsimulia mambo. Wewe unamjua mwanao, jina lile hatukumpa bure; mtoto anaamka na maneno na analala nayo mdomoni. Basi wifi akaniomba nimfundishie hapa hapa nyumbani, mchana nikitoka kazini, na iwe chumbani kwake ili naye asikie. Mwaka huu shuleni tunafundisha mabadiliko katika mazingira. Nikaona afadhali, somo lenyewe jepesi na vifaa vyote viko jikoni.

Na tulifurahi, lazima nikuambie hilo pia. Tuliweka vipande vya barafu kwenye sahani dirishani, Chiriku akaviaga kimoja kimoja vikiyeyuka. Tukayarudisha maji kwenye friji, na kesho yake alipoona barafu imerudi alicheka mpaka akapaliwa. Tulichora kwa chaki kivuli cha ndoo asubuhi, tukakichora tena mchana, akaigombeza ndoo kwa tabia ya kuhamahama. Tukaacha ndizi iliyomenywa ibadilike rangi. Tukaotesha maharage kwenye pamba, glasi mbili, moja yake na moja ya mama. Wifi alishangilia kwa kugonga kijiko kwenye kikombe, kwa sababu kupiga makofi kulimchosha.

Hapo kwenye maharage ndipo nilipoanza kukosea. Mbegu ya glasi ya mama ilioza. Darasani jambo kama hilo halinitishi: hii imeota, hii imekufa, tunaiangalia, tunaongea, tunaitupa, tunakwenda kunawa mikono. Miaka ishirini na sita nimefanya hivyo. Lakini mbele ya kitanda kile ulimi ulinigoma. Asubuhi, Chiriku hajaamka, nikaitoa iliyooza nikaweka nyingine iliyochipua, ambayo nilikuwa nimeiotesha jikoni bila yeye kujua. Akaamka, akakuta glasi zote mbili ziko vizuri, akamwambia mama yake kwamba harage lake lilikuwa linajivuta tu. Nikajiambia si kitu, harage ni harage.

Kisha tukapata kiwavi kwenye mlimau wa jirani. Tukamweka kwenye chupa ya jemu pamoja na majani na kijiti, tukafunika kitambaa chepesi. Akala siku kadhaa, akajishikiza kwenye kijiti, akajifunga ndani ya ganda lake na kutulia. Chiriku alitaka kuitikisa chupa kila dakika, amuulize kama ana njaa. Ndipo nikatunga sheria, nikamfanya airudie kama tunavyofanya shuleni, kwa kuimba, kidole mdomoni: kitu kinachobadilika hakiguswi, hakiamshwi, hakisemeshwi. Aliishika kuliko nilivyotaka. Akawa askari wa chupa ile; hata mimi nikitaka kufuta vumbi mezani ilinibidi niombe kibali.

Ganda likawa jeusi. Siku ya kumi na mbili tangu ajifunge, asubuhi, nililibonyeza, likavunjika, ndani hamkuwa na kitu cha kuruka. Nikalitupa kwenye ndoo ya taka pamoja na maganda ya viazi. Nikatoka na chujio la maziwa mpaka kwenye maua ya uzio wa shule, nikakimbizana na vipepeo mtu mzima mimi, mlinzi akiniuliza kama ni mzima kweli. Nikampata mmoja mweupe, nikarudi naye nikamtia kwenye chupa. Chiriku alipoamka nyumba nzima ilijua. Alimpelekea mama yake amwone, kisha akakimbia uani kumwachia.

Siku hiyo wifi hakugonga kijiko. Tulipobaki wawili aliniambia taratibu kwamba yule siye. Yeye mwenyewe amekulia kwenye milimau, na viwavi wale hawatoi kipepeo mweupe. Hakunigombeza. Aliniomba nimwambie mtoto ukweli mapema, kwa kuwa kuna siku atauhitaji, na siku hiyo yeye mwenyewe aliiona haiko mbali. Nikamwahidi kesho. Kesho yake kukawa na wageni, keshokutwa nikawa na ripoti za watoto za kuandika, na kila nikimwona mtoto anavyomsimulia kila apitaye hapa habari za kipepeo wake, nikawa naahirisha. Zikapita wiki mbili.

Sasa Jumatano yenyewe. Wazazi walikuwa wanakuja shuleni kuchukua ripoti. Sikutaka kwenda, wifi akanisukuma niende. Alikuwa amekunywa chai yote, na muuguzi angefika saa nne kama kila Jumatano. Nilirudi saa nane. Chiriku alikuwa amekaa kwenye kiti chake kidogo mlangoni mwa chumba, kidole mdomoni. Mapazia yote ameyafunga. Mama yake amemfunika shuka mpaka kidevuni, pembe zote amezipachika vizuri chini ya godoro. Akaninong'oneza:

"Usiingie, shangazi. Mama amenyamaza. Anabadilika."

Daktari alisema ameondoka yapata saa sita. Hayo unayajua. Usiyoyajua ni kwamba muuguzi alikuja. Alikuja, mdogo wangu, saa nne kamili. Siku ya tatu baada ya mazishi aliniita pembeni, akaniambia yote. Mtoto alimzuia mlangoni, akamwambia mama amelala na haruhusiwi kuamshwa. Alijua mgonjwa ana siku tatu hajapata usingizi, akasikia pumzi nzito kutoka ndani, akaona usingizi umemkolea. Akasema atapita tena saa kumi. Anasema pumzi ile angepaswa kuitambua, na kama angeingia angeita gari la hospitali. Labda wangewahi, labda wasingewahi. Alijua umemkasirikia. Alisema afadhali watu waseme hakuja kuliko kumtaja mtoto.

Nilimwita Chiriku, nikamuuliza kwa mzunguko mzunguko, kama vile nauliza habari za mchezo. Akanieleza kwa fahari. Alilinda tangu mama alipoanza kukoroma. Alimrudisha muuguzi, na muuza mayai pia. Akaniambia kwamba mama alimwita mara moja kwa jina lake, naye hakuitika, alinyamaza kimya kabisa, kwa sababu hakisemeshwi. Akangoja nimsifu. Nami, Mungu anisamehe, nilimsifu.

Ndiyo maana hukumsikia akilia kwenye simu siku ile uliposhindwa kupata ruhusa ya kuja kuzika. Alikuwa anahesabu. Kila asubuhi alichora mstari wa chaki nyuma ya mlango. Mistari ilipofika kumi na miwili, kama siku za kipepeo wake, alifungua mapazia, akakung'uta shuka, akaosha kile kikombe na kijiko, akakaa kungoja. Alikaa mpaka saa tisa. Nikashindwa kuvumilia, nikapiga magoti pale sakafuni, nikamwambia ukweli ambao mama yake aliniomba niuseme. Kwamba kiwavi alikufa. Kwamba yule mweupe alikuwa mwingine. Akaniuliza yule wa kwanza yuko wapi, nikamjibu. Akauliza na harage la mama je, nikamjibu na hilo. Hakulia. Alitoka akaenda kuifungua ndoo ya taka, akaichungulia, akaifunika.

Wiki iliyofuata jino lake la mbele la chini likaanza kulegea. Nilifurahi kwa ujinga wangu. Niliona hapa pana badiliko la kweli, lisilo na hila yoyote ya shangazi. Nikamwambia asiogope, likitoka hili litaota jingine zuri zaidi. Alinitazama mpaka nikainamisha macho mimi.

"Sitaki jingine," akasema. "Nataka hili hili."

Hajasema neno tena tangu siku hiyo, na leo ni siku ya kumi na tisa. Analishikilia jino kwa ulimi, midomo ameibana, anatafuna upande mmoja, analala na kiganja mdomoni. Majirani wanasema ni majonzi, na daktari naye alisema hivyo hivyo. Nami nilikuacha uamini kwamba amekununia. Hana kinyongo nawe hata chembe. Simu ikilia anakuja mbio, anaikumbatia sikioni, anakusikiliza mpaka mwisho. Anaogopa tu kwamba akifungua mdomo litadondoka.

Barua yako ya mashtaka haikufika zahanati. Ilikuwa kwenye droo yangu siku zote hizi, na nimeiweka humu ndani, utaiona. Ukitaka bado kumshtaki mtu, futa jina la muuguzi uandike langu. Nitaipeleka mwenyewe kwa mkono wangu. Kazini nimeomba likizo. Watoto wa watu siwezi kuwatazama. Mwezi ujao wale wa darasa langu watafika kwenye somo la kipepeo, na atawafundisha mwenzangu.

Nakuomba jambo moja tu, si msamaha, huo najua mahali ulipo ni mbali. Kuhusu ile sauti ya mama yake iliyomwita, usimuulize kamwe. Sasa hivi hajajumlisha. Lakini mwanao ana akili, umemzaa mwenyewe, na atakua. Siku moja atakuwa anafua au anapika, atakumbuka kwamba aliitwa, na nini kilikuwa nyuma ya mlango, na nani alimrudisha muuguzi. Nimefikiri kila njia ya kuizuia siku hiyo isifike na sijaiona. Utakapokuja kumchukua, ukisema nisimwone tena, nitakuelewa, ingawa nitakufa kwa upweke.

Jumapili piga kama kawaida. Zungumza wewe, yeye atasikiliza. Usimwahidi kwamba chochote kitarudi. Fundi cherehani wa jirani anakusalimu, na mlinzi wa shule, na muuguzi pia anakusalimu, ingawa aliniambia nisikuambie. Kula vizuri, usifanye kazi hiyo ya moto ukiwa na mawazo. Asubuhi hii nimemwosha uso nikaliona jino, linaning'inia kwa kauzi tu. Halitafika Jumapili, nami sijui nitamwambia nini.

Mimi dada yako. Neno Mwalimu leo siliandiki.