Ubishi Wetu wa Sabini na Themanini

Baba,

Leo Jumamosi jenereta ya Kioko imeharibika, hakuna video. Nimefungua banda lako la pancha, nikakaa kwenye kiti chako cha tairi, nikaona nikuandikie. Ukiletewa barua ulikuwa unaniambia, "Soma, lakini ruka salamu." Basi naruka salamu.

Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike. Mama anakula. Madereva bado wanapiga honi wakipita hapa Kambu, halafu nadhani wanakumbuka, maana honi inakatika katikati. Kuna jambo nililisikia matangani kwako na sijamwambia mtu. Lakini wacha nianze mwanzo.

Wewe ulianza na sinema za miaka ya sitini. Uliniambia ulipokuwa utingo kijana, gari la sinema lilikuja sokoni Migwani, shuka jeupe likatundikwa kwenye ukuta wa duka la nafaka, na kaboi akapita na farasi mbele ya watu ambao hawajawahi kuona farasi. Mzee mmoja akamvuta mbuzi wake pembeni asikanyagwe. Hizo ulizipenda, lakini hukuzipigania. Ulizozipigania ni za sabini, za karate, ulizoziona Nairobi na Mombasa wakati lori lako linapakuliwa. Mama anasema ulikuwa radhi kukosa chakula, si karate.

Halafu siku ile pale Kwa Vonza uliinama kukagua betri, ikakulipukia usoni. Asidi ikamaliza macho yote mawili. Nilikuwa na miaka sita. Sabini zilikuwa zinaisha, na kwako sinema ziliishia hapo.

Wewe hukuishia hapo. Ulituhamishia huku kando ya barabara kuu, ukajifunza kuziba pancha kwa masikio. Nimewaona watu wazima wakinyamaza kukutazama: unajaza tyubu upepo, unaizungusha taratibu karibu na shavu, unasimama. "Hapa." Mafundi wengine walihitaji beseni la maji. Wewe ulihitaji tu watu waache kelele.

Kioko alipofungua ukumbi wake wa video nyuma ya kinu cha posho, mimi nilikuwa nimemaliza shule, nashona nguo kwenye veranda. Ukasema twende. Mama akauliza, "Kipofu na msichana waende kuangalia video, watu watasema nini?"

Ukamjibu, "Watasema kipofu ameenda kuangalia video."

Kila Jumamosi saa nane mchana ulikuwa unanishika kifundo cha mkono, tunaketi benchi la nyuma, nakunong'oneza kinachopita. Video zote zilikuwa za themanini. Makomando, helikopta, mtu mmoja na bunduki kubwa anamaliza kambi nzima. Nilizipenda, Baba, sitasema uongo. Tukirudi nyumbani ubishi unaanza kabla hatujafika barabarani. Wewe ulisema karate ina haki, kwa sababu kila pigo lina mwenyewe, hata masikio yanajua nani amepiga na nani amepigwa, na staringi anachoka kama mtu. Wangu, ulisema, kelele zao ni kama mvua juu ya mabati, huwezi kutenga tone na tone. Mimi nilisema karate ni wanaume wawili wanaongojana zamu kwa adabu.

Halafu ile siku. Tulikuwa tumesimama nje na wenzangu wa cherehani, ukaanza kunitania mbele yao. "Huyu staringi wa Mariamu anafyatua risasi kutoka Emali mpaka Mtito Andei, hajaweka nyingine hata mara moja." Wakacheka. Nikaona aibu, nikakasirika, nikasema, "Baba, wewe utaamua vipi? Za themanini hujaziona hata moja."

Ukaniachia mkono.

Ulitembea mpaka nyumbani kwa fimbo yako, mimi nyuma.

Jumamosi tatu hukwenda. Mimi nilikwenda, kwa ukaidi. Nilikaa benchi letu, na nilipotoka sikukumbuka hata kama adui alikuwa na ndevu. Macho yangu yalikuwa mazima na nilikuwa sijaona chochote. Nikaja hapa bandani, unakwaruza tyubu uweke kiraka, nikasema, "Baba, nilikosea."

"Ulikosea kidogo," ukasema, mkono ukiendelea na kazi. "Sijaziona kwa sababu wewe unasimulia kama mtu anakimbilia basi. Unaniambia wamepigana. Wamepigana vipi? Nani ameogopa kwanza? Kabla hajafyatua amemtazama nani?"

Hivyo ndivyo ulivyonifundisha kuangalia. Hakuna mwalimu shuleni aliyenifanyia hivyo. Nilianza kuona mikono, mlango ulioachwa wazi, mtu aliyemeza mate. Nakumbuka ile ya komando aliyerudi peke yake kumchukua mwenzake aliyejeruhiwa ng'ambo ya mto. Adui wamelala hatua chache tu kutoka pale. Nikakwambia sikioni, "Amevua viatu, Baba. Ameviweka sawasawa, pamoja, kama mtu anayeingia msikitini." Nilihisi vidole vyako vikibana mkono wangu, na hukuvilegeza mpaka yule mwenzake alipovushwa. Tulipotoka ukasema, "Sabini bado ziko juu." Nikakuita mkaidi.

Watu wa benchi la mbele ndio walianza kusema niongeze sauti, kwa sababu hata wao Kiingereza kile hawakukishika. Kioko akaniwekea stuli kando ya televisheni. Sasa nikausimulia ukumbi mzima, na wewe kule nyuma ukiwanyamazisha watu: "Ngojeni, anafika."

Kifua kilipokubana mwaka huu na tukakulaza hospitalini, nilikuuliza mara ya mwisho. Nilitaka unipe hata nusu. Ukavuta pumzi mara mbili ndipo ukajibu. "Sabini. Na usije kuwaambia watu nililegea." Siku mbili baadaye tukakuzika.

Sasa sikia. Matangani, madereva walikuwa wamekaa chini ya turubai, na kwa heshima yako wakaanzisha ubishi ule ule. Nilikuwa napitisha chai. Musau, yule wa lori la simiti, akasema, "Rashidi alikuwa mtu wa themanini. Barabara hii yote hakuna aliyezitetea kama yeye."

Nikamwambia amekosea, baba yangu alikuwa wa sabini mpaka kufa.

"Wewe ndiye hujui," akasema. "Nilikaa pale kwake mpaka akamaliza tairi mbili, muda wote akizipigania." Akainuka, akavua viatu vyake mbele ya watu, akaviweka chini pamoja, sawasawa. "Kama mtu anayeingia msikitini," akasema. "Halafu anaingia majini." Dereva mwingine akadakia, akaendeleza. Walikuwa wanaijua yote, Baba, kwa maneno yangu.

Musau akasema, "Alituambia aliiona. Tulijua ni kipofu, lakini hakuna aliyecheka. Ukimsikiliza, ulijua ameiona."

Niliweka birika chini nikaenda nyuma ya jikoni. Kaburini nilikuwa nimejikaza kwa ajili ya Mama. Pale sikuweza.

Miaka yote hiyo unanibishia nyumbani, kumbe ukifika barabarani unanitetea. Nimejaribu kukukasirikia, nimeshindwa. Nadhani ulijua kwamba ukikubali tu, tungetembea kutoka kwa Kioko mpaka nyumbani kimya. Sijui. Labda ulifurahia tu kunishinda.

Kioko amepata karate moja ya sabini kutoka Nairobi. Sijawahi kuangalia hata moja mpaka mwisho. Nilikuwa nazicheka bila kuziona, mimi mwenye macho. Jenereta ikipona, nitaisimulia yote, na Mama amesema atakuja, atakaa benchi la nyuma. Nakuahidi sitaiharakisha. Ikizishinda zangu, nitasimama niseme mbele ya ukumbi mzima, na nitasema ni wewe uliyeniambia. Isipozishinda, nitasema vilevile, maana hukunilea nikupendelee.

Pumzika, Baba. Mungu akuoneshe mazuri.

Mwanao,
Mariamu