Wifi Kaibandika Eksirei Dirishani

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ulimi wangu haujanikosesha mbele za Mungu.

Mume wangu ni seremala, mgongo ulimwanza kama mzaha, tukasema ni mbao nzito, tukachua, tukaomba, wapi, homa ikawa inakuja na kuondoka, shuka linalowa jasho, akapigwa eksirei ikatoka safi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana dada yake aliyemlea aliichukua ile picha akaibandika dirishani sebuleni, kila mgeni anaitwa, "Njoo uone, mfupa huu una kosa gani?" Daktari alipomwona tena akasema anashuku maambukizi kwenye uti wa mgongo, apigwe MRI hospitali kubwa, wifi akanirukia, "Unamtafutia ndugu yangu ugonjwa! Picha moja haikushibishi?" Na mume wangu, anayeiogopa ile mashine kwa kuwa mtu anasukumwa ndani kama mkate kwenye tanuri, akadakia, "Dada kasema." Mwanamume mwenye mvi, mshauri, "Dada kasema"! Kila jioni wifi anamkandamiza mgongo kwa viwiko, mume wangu anauma mto, mimi nasali jikoni huku nasaga meno. Jana ndala ilimtoka mguuni akaendelea kutembea, hana habari, nikamfinya paja akauliza, "Umenigusa?" Nikisema, naambiwa nina imani haba. Nimpeleke kwa nguvu nivunje undugu, au nisubiri Mungu awalainishe?

Mke wa Seremala

JIBU

Mama, pole. Barua yako ilipofika nilipiga namba uliyoandika, hakuna aliyepokea, na tangu hapo nimekasirika kuliko wewe. Hukupaswa kuniandikia, ulipaswa kuita gari! Mguu usiosikia kufinywa unaelekea kupooza, haungoji mtu alainike.

Eksirei huona mfupa, na maambukizi yakiwa machanga mara nyingi hayaonekani humo. MRI huonyesha hata usaha, hata mishipa ya fahamu inayobanwa. Daktari hakuiomba kwa kupenda picha.

Wifi aondoe viwiko vyake. Mumeo asafirishwe amelala. Mkifika kitengo cha dharura anza na miguu, "Haisikii," ndipo useme homa na mgongo, na ukiambiwa upange foleni, rudia kwa sauti. Kama ana chuma mwilini, waambie kabla ya kipimo. Anaogopa mashine? Awaambie pia, watamsaidia. Imani unayo, mama, sali humo humo garini.

Wifi akinuna, anune. Undugu huungwa kwa maneno, mgonjwa aliyepooza hainuliwi kwa maneno. Na kama unasoma haya ungali nyumbani, weka gazeti chini. Inuka.