Mfumo Usio na Kichwa Kwenye Vichanja vya Dagaa

Edward Stationari,
S.L.P. 417,
Kambarage,
Shinyanga.
29 Juni 2025

Mpendwa binamu Nyamizi,

Mwangaluka huko kwenye baridi. Shikamoo sikupi, hata kama umenizidi miaka minne na digrii moja, maana mtoto wa shangazi ni mtani wangu na sheria hiyo sikuitunga mimi. U hali gani? Kifua kimepona? Nasikia Njombe mwezi huu mtu akianika suruali asubuhi, jioni anaianua imesimama yenyewe. Shemeji Eliya anaendeleaje? Na mtoto Limi, meno yamefika mangapi? Mwambie mjomba wake sasa ni mtu mkubwa, ana kompyuta mbili mezani, ingawa moja haiwaki.

Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo lakini bado anagombana na ng'ombe, kwa hiyo ni mzima. Mpunga wa Didia umetoka vizuri upande wa bondeni. Kule kwenye mawe hata ndege hawakupata kitu. Mimi bado nipo kwa Edward, napiga fotokopi, nawajazia watu fomu zao, na tangu Machi ni fundi wa tovuti. Usicheke. Form two yangu inafanya kazi kuliko digrii za watu ninaowajua, wanaoamka kuhesabu miche ya parachichi.

Nimechukua karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Kuna jambo mama yako hajakuambia, na najua hajakuambia kwa kuwa ungekuwa umeshanipigia kunitukana. Mwezi huu ilibaki kidogo tu avuliwe uenyekiti wa kikundi chao cha Chanja Bora. Mwenye kosa ni mimi.

Unamfahamu Thobias, mnunuzi wa Kahama mwenye fuso la bluu, ambaye ndiye anayebeba sehemu kubwa ya dagaa wao. Alichoka kupigiwa simu kwamba mzigo upo, akifika kwenu Nkome, mwaloni pale ziwani, anakuta magunia matatu. Akawaambia watafute mahali pa wazi, mtu akifungua simu aone kama mzigo upo, umekauka kiasi gani, na picha iwe ya leo, isiwe ya Pasaka. Utasema wana grupu la simu. Wanalo. Lina watu mia mbili, na neno la mzigo likiwekwa saa mbili asubuhi, saa tatu limeshafukiwa na maombi, misiba na picha za maua za kutakiana siku njema.

Shangazi akanipigia. "Baba," ananiita hivyo kwa kuwa nimebeba jina la baba yake, "wewe si ndiye unayekaa na kompyuta?"

Ningesema nini? Nikasema hiyo ni kazi ya siku mbili.

Kumbe kabla hujajenga tovuti unachagua kwanza mfumo utakaoibeba. Wataalamu wanauita mfumo wa kusimamia maudhui. Ni kama jiko la nyuma, mahali mtu anapoingia kubadilisha maneno na picha bila kujua ufundi wowote. Upo wa kampuni, unalipia kila mwezi, unaburuta vitu kwa kidole kama mtoto anayecheza. Ila siku ukihama, ulichojenga kinabaki kwao. Upo wa bure, unaotumiwa na watu wengi sana duniani. Unakodi tu mahali pa kuuweka, lakini unataka apdeti kila wakati, la sivyo wezi wanaingia. Halafu upo wa tatu, unaitwa mfumo usio na kichwa. Maneno yanakaa huku, sura ya tovuti unaijenga kule kwa mkono wako, mstari kwa mstari, kisha unaviunganisha.

Nikachagua usio na kichwa. Sababu nitakuambia kama ilivyo: nilitazama video nikaona wanaoutumia wote wana miwani, na Kambarage nzima hakuna aliyewahi kuugusa. Zile siku mbili zikawa wiki tano. Lakini ilipowaka, binamu, ilipendeza. Dagaa wanang'aa, ukigusa picha inageuka yenyewe. Edward aliitazama dakika nzima bila kusema neno, na Edward huwa hanyamazi hata akiwa anakula.

Kosa nililiweka mwenyewe juu kabisa, kwa herufi kubwa: MZIGO MPYA KILA JUMATATU. Sisi wa Didia tumelelewa na mnada. Mnada una siku yake, mvua inyeshe au isinyeshe, na mtu akitaka mbuzi anajua aje lini. Nikaona kila biashara lazima iwe na siku yake. Nimekula dagaa wa Nkome tangu nilipoota meno, na sikuwahi kujua kwamba wanavuliwa kwenye giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi inapandishwa mchangani, vichanja vya kuanikia vinakaa vitupu hata siku kumi. Wewe ulizaliwa mwaloni pale, ulilijua hilo kabla ya kujua a, e, i, o, u. Hukuniambia. Sikulaumu, nakutaja tu.

Mama yako aliliona. Ijumaa ya tarehe sita alinipigia kwamba mbalamwezi imeanza, nitoe hayo maneno ya Jumatatu. Alinikuta Didia kwenye harusi ya Makoye, yule jirani yetu, ngoma imekolea. Mfumo wangu haukubali kubadilishwa kwa simu. Ulitaka kompyuta ya Edward, na Edward alikuwa ameshafunga duka kwa ajili ya Idi. Ningeweza kumwambia hivyo. Badala yake nikasema, "Tayari shangazi, nimeshatoa." Nilidhani Jumamosi nitarudi mjini, nimwombe Edward anifungulie, niyatoe. Nilirudi Jumanne.

Jumatatu Thobias alitoka Kahama na fuso na vijana wanne wa kupakia. Alikuta kuku wamelala juu ya vichanja. Hakupiga kelele, na wanasema ingekuwa afadhali angepiga. Alimwonyesha mama yako simu mbele ya wanawake wote, akamuuliza, "Mama Nyamizi, hapa imeandikwa kila Jumatatu. Leo siku gani?" Akasema atakuja mara moja tu tena, giza likirudi. Akikuta tovuti inadanganya, anahamia mwalo mwingine.

Jumatano kikundi kikakaa. Bhoke, katibu wao, yule Mkurya tunayemwita Mama Marwa, alisimama akasema mwenyekiti amempa mtoto wa kaka yake kazi ya wanawake thelathini bila kuuliza kama anaiweza. Wakampa shangazi muda mpaka giza. Thobias akiondoka na mzigo, shangazi anabaki mwenyekiti. Akiondoka mtupu, anakabidhi muhuri wa kikundi. Haya yote niliambiwa kwa simu na Bhoke mwenyewe, wala hakupunguza makali. Mama yako alipopiga siku hiyo aliniuliza tu kama nimekula.

Ijumaa nikawa Nkome. Niliwakuta shangazi na wenzake wanashona nyavu za vichanja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hebu niambie, huo mfumo wako unaitwaje?"

Nikamtajia. Akakata uzi kwa meno. "Usio na kichwa. Hapa hata dagaa tunamuuza na kichwa chake."

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka nikidhani yameisha.

"Na siku ukienda huko Geita kwenye maduara kutafuta dhahabu, kama unavyoimba kila Krismasi, nani ataifungua hiyo tovuti?"

"Mtanipigia shangazi."

"Ukiwa chini shimoni?"

Bhoke akajibu kwa niaba yangu: "Tutamshushia kamba, aandike humohumo."

Nimekaa na swali la mama yako siku nyingi. Wakati ninachagua niliuliza upi ni wa kisasa, upi unapendeza, upi utamnyamazisha Edward. Sikuuliza nani atakayeushika, akiwa amesimama wapi, na mkono mwingine umebeba nini. Tena nikijichunguza vizuri, niliupenda ule wa tatu kwa kuwa hakuna mwingine angeuweza. Nilitaka wanawake thelathini wanipigie kila wanapohitaji kubadilisha neno moja. Sijui huko ofisini kwenu kama yapo, mtaalamu anafunga mlango, kisha watu wanamshukuru kwa kuwa yeye ndiye mwenye ufunguo. Mimi nilikuwa mtu huyo, na hata cheti sina.

Basi nikafanya jambo ambalo video hazikunifundisha. Nilichukua simu ya Bhoke, yenye ufa kwenye kioo, nikamfungulia mifumo miwili iliyobaki. Tukasimama juani saa sita, mtandao unakuja na kuondoka, mikono yake ina magamba ya sato. Nikamwambia abadilishe maneno: toa "Hakuna mzigo", weka "Mzigo upo".

Ule wa kampuni alimaliza kabla sijamaliza kumweleza.

"Huu umeutengeneza wewe, fundi wa Didia?"

"Hapana."

"Nilijua. Unafanya kazi."

Ule wa bure ulimpoteza mara tatu. Menyu juu ya menyu, herufi ndogo kama chawa, na mtandao ulipokatika maneno yake yakapotea. Alinirudishia simu kama mtu anayekurudishia mtoto aliyejikojolea.

Nilikaribia kuchukua wa kampuni, nimalize aibu. Aliyenizuia ni Bhoke huyo huyo. Akauliza, mwezi tusipolipa? Nikasema wanafunga. Na picha zetu, na orodha ya wateja? Nikasema zinabaki humo. Akatikisa kichwa. Kwao kila mwezi una siku kumi za mbalamwezi, hakuna kinachoingia, na bili haiangalii angani. Ule wa bure mahali pake panakodiwa kwa mwaka mzima; wanalipa mara moja giza likiwa na neema, wanasahau. Mimi niliyetazama video arobaini sikuwa nimeliwaza hilo. Yeye alihitaji maswali mawili.

Kwa hiyo tukachukua wa bure, nami nikaupunguza. Siku nane nililala kwa mama yako nikitoa vitu: picha zinazogeuka, menyu, madoido yote niliyokuwa najivunia. Nilipomaliza, Bhoke akiingia anaona vitu viwili tu, kisanduku cha maneno na kitufe cha picha, na mtandao ukikatika maneno yake yanamsubiri. Sura yake ni ya kawaida mno. Ukiipita barabarani hugeuki. Lakini mfumo huo fundi yeyote wa Geita mjini anaujua. Wakinichoka leo, kesho wanaita mwingine.

Likabaki moja. Mfumo unataka jina la mtu mmoja atakayekuwa juu ya wote, anayeweza kumwingiza mtu na kumtoa. Nilimpa shangazi, akakataa. Alisema mwenyekiti anaweza kubadilika wakati wowote, na alilisema bila uchungu, hilo ndilo lililoniuma. Nikaandika jina la Bhoke. Sikufichi, kidole kilikuwa kizito. Mimi nikajiweka chini, mtu wa kuitwa kinapoharibika kitu.

Giza liliporudi, Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu, Bhoke akaandika: "Mzigo upo. Siku mbili za jua. Magunia arobaini. Picha ya leo saa nne." Sikumsaidia hata neno. Shangazi siku hizo tatu alikuwa anafagia uwanja ambao ulishafagiwa.

Alhamisi tukalisikia fuso. Thobias alipita kichanja kwa kichanja bila kusalimia watu vizuri. Alichukua dagaa mmoja akamvunja karibu na sikio, akatafuna nusu, nusu akampa dereva wake. Kisha akawaambia vijana washushe mizani.

Magunia yakiwa yanapanda, akaitoa simu yake. "Mama Nyamizi, hii tovuti imeanza kusema kweli. Nani anaiandika?"

"Mimi," Bhoke akasema.

"Endelea hivyo hivyo."

Mama yako alikuwa ananitazama. Wewe unanijua, binamu. Nilikuwa nayo ya kusema, mengi, yameshafika mdomoni yamepanga foleni. Nikashika pembe ya gunia nikasaidia kupakia.

Muhuri umebaki kwenye mkoba wa mama yako. Mpigie leo. Usimwambie nimekuandikia, muulize tu habari za mzigo, yeye atasema anachotaka kusema. Na akikaa kimya, usimsukume.

Baba anakusalimu, na Edward ambaye hamjaonana anakusalimu pia, anadhani u mzuri kwa sababu ya picha ya zamani. Salamu nyingi kwa shemeji Eliya, na Limi nimbusie mashavu yote mawili. Wabeja kwa yale majani ya chai, yameisha. Mungu awafunike huko milimani, awape nyumba yenye joto na safari njema mkija Desemba.

Ni mimi mtani wako nikupendaye, hata siku nikikutukana,

Mabula